Kiti cha Mbele

Juma lililopita tulimwacha Trizah amesimama kando ya gari la mumewe, mlango wazi, mdomo wazi, hajui apige kelele au akimbie. Kwa msomaji aliyekosa gazeti, turudi nyuma dakika tatu tu.

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Trizah alikuwa na kazi yake ndogo. Alifuta umande kwenye kioo cha mbele, akafungua mlango wa kushoto, akaweka chupa ya chai na kopo la chapati juu ya kiti cha abiria, kisha akausukuma mlango kwa kiuno. Zadock, mumewe, alikuwa akiuza pampu za maji kutoka Homa Bay hadi mpaka wa Tanzania, na chai ya hotelini ilimletea kiungulia. Miaka minne mkono wa Trizah uliijua njia hiyo, haukuhitaji macho.

Ijumaa hiyo alinyoosha mkono akiwa anamtazama jogoo wa jirani, akaiachia chupa.

Chupa ikaanguka. Ikapiga chuma, kang! Ikabingirika hadi chini ya usukani, chai ikaanza kuvuja.

Kiti hakikuwepo.

Palikuwa na matundu manne ya boliti, na nyaya za rangi rangi zimefungwa pamoja kwa utepe mweusi kama matumbo ya kuku.

“Zadock!”

Zadock akatokea mlangoni, shati halijafungwa vifungo, mguu mmoja una soksi, mwingine hauna.

“Nyar Karungu, mbona kelele asubuhi yote hii?” Ndivyo alivyomwita tangu uchumba, binti wa Karungu, kwa jina la kwao ziwani.

“Kiti kiko wapi?”

“Kiti gani?”

“Gari lina viti vitano, Zadock. Kimoja hakipo. Unaniuliza kiti gani?”

“Aah. Hicho.” Akaanza kufunga vifungo, akakosea tundu la kwanza. “Fundi Bichage amekichukua jana mchana. Umeme wake umekufa.”

“Ukaliendesha gari mpaka nyumbani likiwa pengo, ukala, ukalala, hukuniambia?”

“Nilichoka.”

“Na kiti kina umeme wa nini? Kinasaga mahindi?”

“Kinapasha joto, kinapoza, kinakanda mgongo. Ndani kuna feni, pampu, mota, na kompyuta ndogo. Na wenye spea hawauzi kimoja kimoja. Unanunua vyote kwa pamoja au unaacha.”

“Bei?”

Zadock akashughulika na kifungo cha mwisho. “Mia na themanini.”

“Shilingi?”

“Elfu.”

Trizah alicheka, na hakikuwa kicheko. “Kitanda chetu kilikuwa elfu thelathini, pamoja na godoro. Na tunalala watu wawili.”

“Magari ya siku hizi ndivyo yalivyo. Kulinunua ni rahisi, lakini kila kitu cha starehe kikifa kinataka bei ya ng'ombe.” Akageuka upesi. “Wacha nitafute soksi.”

Alipoingia ndani, simu yake aliyokuwa ameiweka juu ya boneti ikawaka.

Trizah hakuwa mwanamke wa kupekua simu. Lakini ujumbe ulikuwa juu ya kioo, herufi kubwa, kana kwamba umeandikiwa yeye. Aliyeutuma ni “Emmah Migori”.

*Kazi yako iko tayari. Njoo leo kabla jua halijazama. Njoo peke yako kama tulivyosema, madam asijue.*

Kioo kikazima. Trizah akaokota chupa, akaifuta, akaiweka kiti cha nyuma. Zadock alipotoka na soksi zote mbili, alimkuta anatabasamu.

“Leo utachelewa?” Trizah aliuliza.

“Kidogo. Nina mteja Rongo.”

“Rongo,” Trizah alirudia.

“Rongo,” Zadock alisema, akawasha gari.

*

Sasa msomaji aelewe kwa nini kiti kilimuuma Trizah kuliko bei yake.

Miezi mitano iliyopita, mwezi wa tatu, Trizah alikuwa na mimba ya miezi saba. Yeye na Zadock walikuwa wakirudi kutoka Asumbi kumsalimu mama mkwe. Mvua ilikuwa inanyesha. Kabla hawajafika Rangwe, gari lile kubwa jeusi, lililokuwa likisifiwa kwamba linaelea barabarani kama kitanda cha maji, lililala upande mmoja. Shoki yake ya upepo ilikuwa imetoboka. Gurudumu likawa linasaga bodi, gari likakataa kwenda. Na hapo hapo, kwenye kiti cha mbele, uchungu ukamshika Trizah, na damu ikaja.

Walikaa pale karibu saa nzima. Mwishowe pikapu ya miwa ikawabeba. Hospitalini daktari alisema maneno mawili matatu ambayo Trizah hataki kuyakumbuka, na wakarudi nyumbani wawili.

“Liliharibika ghafla,” Zadock aliwaambia watu wote waliokuja kuwapa pole. “Ghafla tu.”

Tangu siku hiyo Zadock hakumkalisha tena mbele. Alikivalisha kiti kifuniko kipya cheusi, na kila wakitoka pamoja alimfungulia mlango wa nyuma. “Huku kuna nafasi, mgongo wako utapumzika.” Trizah alikubali. Lakini mwanamke anayekaa nyuma ya mume wake miezi mitano, anaanza kujiuliza ni nani anayekaa kando yake.

Leo jina lilikuwa limejitaja lenyewe.

Saa tatu alimpigia simu mama yake. Phelesia alikuwa mnadani Karungu, akinunua samaki, na kelele za wachuuzi zilikuwa zinashindana naye.

“Mama, nafikiri Zadock ana mtu.”

“Umemwona?”

“Nimeona jina.”

“Jina haliwezi kukunyang'anya mume, mtoto wangu. Lina miguu?”

“Liko Migori. Limemwambia aende peke yake, mimi nisijue.”

Phelesia aliposema tena, alikuwa ameacha utani.

“Basi nisikilize. Nenda ukaone kwa macho yako. Ukimkuta huyo mwanamke, usimguse, usimtukane. Panda gari uje kwangu moja kwa moja, na kaka zako wataenda kuchukua sanduku lako. Usipomkuta, rudi umpikie mume wako, na usinipigie tena saa ya mnada. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Na kula kitu kabla ya kwenda. Usiende kugombana na njaa.”

Trizah alifunga duka lake la daftari na kalamu saa nane. Kufikia jioni angekuwa mke wa mtu Homa Bay, au angekuwa binti wa mtu Karungu.

*

Njia nzima alikuwa amemchora Emmah kichwani. Mwembamba. Nywele ndefu za kusuka. Kucha nyekundu. Anacheka kwa pua.

Mjini Migori alipajua mahali pamoja tu pa kuanzia kuuliza: gereji ya Bichage, nyuma ya safu ya maduka ya vyuma. Nusu ya kiwanja ilikuwa ya injini, nusu nyingine ilikuwa kibanda cha mabati chenye ubao: VITI, DARI NA MAZULIA YA MAGARI. Trizah hakuusoma ubao. Alimwendea mwanamke wa kwanza aliyemwona.

“Shikamoo mama. Namtafuta Emmah.”

Mwanamke yule alikuwa na miaka hamsini na ushee, mpana wa mabega, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea. Alitema pini tatu mkononi kabla ya kujibu.

“Marahaba. Umempata.”

“Emmah mwingine.”

“Migori nzima wako wengi, mwanangu. Hapa kwa viti ni mimi tu. Gari lako ni gani?”

Trizah akababaika. “Ni... kiti changu kimeraruka.”

“Kaa basi, nikuonyeshe kazi, halafu tuseme bei.” Emmah akavuta shuka jeupe lililokuwa limefunika kitu katikati ya kibanda. “Tazama hiki.”

Hata bila gari Trizah alikijua. Ngozi mpya, mshono mpya, lakini ni kiti kile. Umbo la kile kichwa chake, na mkono wa kuegemea ambao yeye aliung'ang'ania siku ile mpaka kucha zikavunjika.

“Kizuri,” alisema kwa shida.

“Kizuri? Hiki kimeniua! Hapa chini kuna mkeka wa joto. Huku feni mbili, kila moja ndogo kama kifuniko cha kikombe, na kila moja bei ya mbuzi wanne. Mgongoni mifuko ya hewa saba, na pampu yake peke yake elfu sitini, imetoka Dubai, tuliiagiza kabla kiti hakijaja. Nilimwambia mwenyewe, baba, hapa kwetu jua lipo, kiti cha kupasha joto ni cha nini? Tia sponji ya kawaida, elfu kumi na mbili, ukae uende zako. Akakataa! Anataka kiwe kama siku kilipotoka kiwandani.”

“Ni cha nani?”

“Bwana mmoja wa Homa Bay.” Emmah alitazama nje, akasogea karibu. “Huyo bwana, mwanangu, nilimshuku tangu mwanzo.”

“Kwa nini?”

“Alilipa bila kuomba nipunguze. Wewe umewahi kumwona mwanamume wa huku asiyeomba upunguze? Hata jeneza wanaomba. Nikajisemea, huyu ana jambo.”

Moyo wa Trizah ukaanza kupiga. “Jambo gani?”

“Nilipovua ngozi ya zamani nikaliona. Sponji ilikuwa damu tupu. Imekauka, nyeusi, imeshuka mpaka ndani ya feni, ndiyo maana umeme ulikufa. Nikampigia. Akasema alikuwa amebeba mbuzi wa mahari, aliyechinjwa.”

“Kwenye kiti cha mbele?”

“Ndivyo nilivyomuuliza! Nikamwambia, huyo mbuzi alifunga mkanda?” Emmah hakucheka. “Mimi nimezaa wanne wanaoishi, na mmoja sikubahatika naye. Damu ile haikuwa ya mbuzi. Nilivaa viatu niende kwa polisi. Bichage ndiye aliyenizuia mlangoni. Aliniambia, 'Emmah, iache. Habari yake naijua.' Mtu wa kanisa akisema hivyo, unafanya nini? Niliacha. Lakini usiku wa jana sikulala, nakuambia.”

Trizah alitafuta pa kukaa. Hapakuwa na kitu kingine cha kukalia. Alikaa kwenye kiti.

“Mama Emmah,” alisema taratibu. “Usiende kwa polisi.”

“Kwa nini? Unamjua?”

“Damu ni yangu. Mimi ni mke wake.”

Pini zikaanguka zote.

“Nyasae! Mungu wangu!” Emmah akashika kichwa. Kisha, bila kuuliza swali lolote, akachutama mbele ya Trizah na kumshika magoti yote mawili. “Alikuwa mtoto gani?”

“Wa kike.”

“Pole, mama. Pole sana. Sasa naelewa. Alisema, 'Mke wangu asikione mpaka kiwe kipya kabisa, hata doa asione.' Na mimi nikadhani nimeshona kiti cha mwuaji!”

Trizah alilia kidogo, kisha akacheka kidogo, kisha akaona haya. Mwanamke aliyekuja kumfumania alikuwa amemshika magoti kama mama. Na mume aliyemdhania ubaya alikuwa ametumia pesa walizokuwa wakiweka za mabati ya nyumba yao ili yeye asione doa.

Alitoa simu amwandikie mama yake kwamba hakuna mtu, kwamba anarudi kupika.

Vidole vikasimama katikati ya neno.

*Habari yake naijua.* Bichage aliijuaje? Gari lilivutwa siku ile na fundi wa Rangwe. Trizah mwenyewe alimsikia Zadock akiwaambia wageni kwamba Bichage alikuwa mbali, hakupatikana.

“Mama Emmah, Bichage yuko wapi?”

“Anafunga. Yeye na mimi ni Wasabato, Ijumaa jua likizama hakuna kazi hapa. Mbona umebadilika hivyo?”

*

Bichage alikuwa kwenye karai, ananawa kwa sabuni na unga wa mbao hadi viwikoni. Alipoinua uso na kumwona Trizah, sabuni ilimtoka mkononi.

“Shemeji! Umekuja na nani?”

“Peke yangu. Wewe ulitaka nije na nani?”

“Hapana, nasema tu. Karibu. Lakini nafunga, unajua kesho ni...”

“Bichage, siku ile gari letu liliharibika nini?”

“Siku gani?”

“Siku unaijua.”

Akaokota sabuni, akaanza kunawa upya mikono iliyokuwa safi. “Shoki ya upepo. Ya mbele kushoto. Ni mfuko wa mpira wenye hewa ndani. Ukitoboka, gari linalala.”

“Hutoboka ghafla?”

Akanawa.

“Bichage. Hutoboka ghafla?”

“Hilo muulize mume wako.”

“Nilimuuliza. Alisema ghafla.”

“Basi kama alisema...”

“Nakuuliza wewe, fundi. Siulizi mume wangu.”

Bichage alitazama magharibi, juu ya paa za maduka. “Shemeji, jua lina kama dakika arobaini. Nakuomba usiniulize leo. Ukiniuliza tena, nitajibu.”

Trizah akafungua mdomo amuulize tena.

Honi ikalia langoni. Gari jeusi likaingia, pengo lake likionekana wazi kupitia kioo, na ndani yake Zadock, mteja wake wa Rongo hayupo.

*

Alishuka akipiga mluzi. Mluzi ukafia mdomoni.

“Nyar Karungu? Umefikaje hapa?”

“Kwa nauli. Rongo umeuza pampu ngapi?”

Zadock akamtazama Emmah, akamtazama Bichage, akakitazama kiti kipya kilichokuwa wazi bila shuka. Mabega yakamshuka.

“Umekiona.”

“Nimekikalia.” Trizah alimsogelea. “Niliona ujumbe kwenye simu yako. Nilifikiri Emmah ni mwanamke wako.”

“Mimi?” Emmah alisema kutoka kibandani. “Na miwani hii?”

Hakuna aliyecheka.

“Nilikuja kukufumania, Zadock. Nikaikuta damu yangu mwenyewe.”

“Sikutaka uione.” Zadock aliegemea boneti. “Kila asubuhi ulikuwa unaweka chai yangu juu yake, na mimi najua chini ya kifuniko kuna nini. Nikasema, hata wakitaka laki tatu, nitalipa. Kirudi kama kilivyokuwa.”

Trizah alimtazama. Alimwona alivyokonda. Shati lile aliloenda nalo, kifungo cha kwanza kilikuwa bado kwenye tundu la pili. Hasira yote aliyotoka nayo Homa Bay ikamwishia miguuni.

“Basi nisamehe,” alisema. “Kwa kukushuku. Na kwa lile lingine pia. Siku ile ulisema tusiende Asumbi, mimi nikang'ang'ania, nikasema mama yako atakasirika. Kama tungebaki nyumbani mtoto wangu angekuwa hai. Nisamehe, Zadock.”

Haikuwa mara ya kwanza kuomba hivyo. Aliomba akiwa bado kitandani hospitalini. Aliomba kila Jumapili wakitoka misa. Na kila mara Zadock alimshika bega akajibu maneno yale yale.

Zadock akainua mkono kumshika bega. “Nilishakusa...”

Spana ilipiga pipa la mafuta kwa kishindo kilichowarusha wote.

“Zadock!” Bichage alikuwa amesimama, maji yanamchuruzika kwenye viwiko. “Usimjibu hivyo. Mbele yangu usimjibu hivyo.”

“Bichage, haya ni mambo ya nyumba yangu.”

“Na hii ni gereji yangu! Kumbe ndivyo unavyomfanyia? Anakuomba msamaha? Yeye?” Akasogea. “Nimeingia Sabato ishirini na moja na neno hili kifuani. Nasimama mbele ya watu naongoza wimbo, kama mtu safi. Jua likizama leo ni ya ishirini na mbili, na siingii nalo. Utasema wewe au niseme mimi?”

“Bichage, ndugu yangu, tuongee pembeni. Nitakulipa hata ile...”

“Tangu mwezi wa tatu nimekutoza hata senti moja? Ulifikiri ni urafiki?”

Trizah alimgeukia mumewe. “Aseme nini?”

Zadock alikuwa anatazama mlango wa gari.

“Zadock. Huyu aseme nini?”

Emmah alitoka kibandani, akasimama nyuma ya Trizah, karibu, kama mtu anayejua kwamba mwenzake huenda akaanguka.

Kivuli cha paa kilikuwa kimefika katikati ya kiwanja. Mtaani mtu alikuwa akishusha mlango wa duka lake. Zadock alilamba midomo.

“Haikuwa ghafla,” alisema.

“Endelea,” Bichage alisema.

“Bichage alizipima shoki wiki mbili kabla. Alisema zote mbili za mbele zinavuja. Alinikataza nisilipeleke gari kwenye barabara mbaya mpaka nizibadilishe.”

“Akakutajia bei,” Trizah alisema. Alikuwa ameshaanza kuelewa, na alitamani asielewe.

“Laki mbili na ishirini. Nikaona ni wazimu. Laki mbili na ishirini ili gari lisitikisike tu? Ni starehe, si breki. Nikasema tutasubiri mpaka baada ya mtoto.” Akaelekeza kidole kwenye gari. “Lakini taa ya onyo ilikuwa inawaka pale mbele. Nilijua utaiona, utauliza, utakataa kupanda. Nikamwambia Bichage aizime kwa kompyuta yake.”

“Na mimi nikaizima,” Bichage alisema. “Kwa mkono huu. Shemeji, sijitoi.”

“Ndiyo maana ulisema tusiende Asumbi,” Trizah alisema polepole. “Ulisema ni kwa sababu ya mvua.”

“Nilijaribu kukuzuia.”

“Kwa uongo.”

“Trizah, niliogopa. Hospitalini nilitaka kukuambia. Naapa. Nilifika kando ya kitanda chako na maneno yote mdomoni. Halafu wewe ukaanza kwanza. Ukasema ni kosa lako.” Akafunika uso kwa mikono. “Nikanyamaza. Na nikishanyamaza siku moja, ya pili ikawa rahisi.”

“Haikuwa kunyamaza. Ulijibu.”

Zadock akatoa mikono usoni. “Nini?”

“Ulinijibu, Zadock. Kila mara.”

Bichage alitazama chini. Zadock akanyoosha mikono yote miwili kwa mkewe, machozi yakimtiririka. “Nyar Karungu, panda gari twende nyumbani. Tutaongea nyumbani. Nitafunga kiti sasa hivi, utakaa mbele na mimi.”

Trizah alirudi nyuma hatua moja, akakuta mkono wa Emmah mgongoni. Tangu utoto alikuwa mtu wa kumeza maneno. Alikuwa ameyameza kwa mama mkwe, kwa daktari, kwa wageni waliomwambia Mungu atampa mwingine. Hili lilimfika kooni, akatafuta pa kulishusha, akakuta hapana.

“Gari kuharibika ningekusamehe,” alisema, bila kupaza sauti. “Pesa ningekusamehe. Hata ile taa, pengine baada ya miaka mingi ningeweza. Lakini mimi nilikupigia magoti nikuombe msamaha kwa kifo cha mtoto wangu, na wewe, unajua kila kitu, ukanishika bega ukasema umenisamehe. Sirudi nyumbani na wewe, Zadock. Si leo, na kesho usinifuate.”